Kurudi Uwanjani Bila Kuruka Kama Zamani

Msimu wa 2008–09 Grant Hill alicheza michezo yote 82 ya Phoenix Suns. Alikuwa na umri wa miaka 36, na kabla ya hapo hakuwahi kufikisha michezo 82 katika msimu mmoja, hata enzi za Detroit alipokuwa kijana mwenye mbio. Kati ya Detroit na Phoenix kuna Orlando: kifundo cha mguu wa kushoto kilichovunjika, upasuaji juu ya upasuaji, msimu wa michezo 4, msimu wa michezo 14, msimu wa michezo 29, halafu msimu mzima wa 2003–04 bila kuingia uwanjani hata dakika moja. Upasuaji wa Machi 2003 ulimletea maambukizi ya bakteria yaliyokaribia kumuua.

Mwaka wake wa mwisho Detroit alifunga wastani wa pointi 25.8 kwa mchezo. Msimu ule wa michezo 82 alifunga 12. Shabiki atasema ameshuka. Kocha hatasema hivyo, maana kocha anajua thamani ya mchezaji anayemkuta mazoezini kila siku, anayemkaba mfungaji bora wa wapinzani, anayekaa mahali pake na kuingiza mpira akipewa nafasi. Hill alirudi akiwa mchezaji mwingine kabisa na hakuona haya.

Makala haya yanamhusu mchezaji wa kikapu aliyevuka miaka thelathini, akaumia, akatibiwa, na sasa daktari amemruhusu kurudi. Nachukua mifano NBA kwa sababu kule kila dakika inaandikwa na kila hatua inarekodiwa, kwa hiyo waliopatia na waliokosea wote wanaonekana. Wao wana madaktari wanaosafiri na timu. Wewe una uwanja wa saruji na kazi kesho asubuhi, na ndiyo maana unahitaji akili ya mchezo kuliko wao. Ushauri wangu wote unatoka kwenye jambo moja: amua mwenyewe utaacha nini, mapema, kabla goti halijakuamulia katikati ya mchezo.

Jua kwanza ulichopoteza

Majeraha hayafanani, na kila moja lina kitu chake linachochukua. Kano ya kisigino, ile inayounganisha vigimbi na mfupa wa kisigino, kazi yake ni kusukuma. Aliyechanika hapo akapona anaweza kukimbia mbele vizuri tu, lakini hatua ya kwanza ya kumwacha mtu na ule mruko wa mguu mmoja huchelewa kurudi, na kwa wengi haurudi wote. Kano ya mbele ndani ya goti ni habari nyingine: hiyo hulishikilia goti unapogeuka na unaposimama ghafla. Aliyeumia hapo hupoteza breki kabla ya kupoteza mbio. Gegedu likiliwa, kila kutua chini kunahesabiwa. Na kano iliyo chini ya pia ya goti, ugonjwa wa warukaji, hukuruhusu kucheza leo kisha ikakudai kesho.

Derrick Rose anafaa kuangaliwa hapa ingawa alikuwa bado kijana. Mwaka 2011, akiwa na miaka 22, alichaguliwa mchezaji bora wa NBA, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata tuzo hiyo. Mchezo wake wote ulisimama juu ya kitu kimoja: kuingia kwa kasi kubwa, kusimama ghafla au kukata kona, kisha kuruka. Aprili 28, 2012, goti la kushoto likaachia kwenye kusimama kwa namna hiyohiyo. Miaka sita na zaidi baadaye, Oktoba 31, 2018, akiwa Minnesota, aliifunga Utah pointi 50. Ukiitazama picha ya mchezo ule utaona bado anaingia ndani, lakini mara nyingi anaachia mpira mapema, kabla ya kufika kwenye miti ya watu, na msimu huo mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa asilimia 37, kiwango ambacho hakukifikia alipokuwa bora wa dunia.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, jipime. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, inua kisigino taratibu hadi juu kabisa, shusha, hesabu mpaka ushindwe. Kisha rudia kwa mguu wa pili. Kaa kwenye kiti, unyanyuke kwa mguu mmoja huku mwenzako akikutazama kwa mbele: goti likiingia ndani kuelekea goti la pili, bado. Ruka mbele kwa mguu mmoja, tua kwa mguu huohuo bila kuyumba, pima umbali kwa futi ya fundi. Wataalamu wa fiziotherapia kwa kawaida hutaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya ule mzima ndipo mtu aanze kushindana, na kwa kano ya mbele ya goti iliyofanyiwa upasuaji hutaka miezi tisa iwe imepita hata kama unajisikia mzima mwezi wa sita. Kumbuka tu kwamba ule mguu unaouita mzima nao umekaa bila kazi miezi yote hiyo. Ukilingana nao, umelingana na mguu uliodhoofika, kwa hiyo jenga yote miwili.

Halafu chukua karatasi, andika njia tatu zilizokuwa zikikupatia pointi nyingi. Kwa kila moja uliza: mguu upi unasukuma, mguu upi unatua? Mtu wa mkono wa kulia anayepiga leyapu upande wa kulia huruka kwa mguu wa kushoto. Kama wa kushoto ndio ulioumia, leyapu ile ya hatua mbili na kupaa ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye karatasi, na mahali pake andika kusimama kwa miguu miwili na kurusha. Zoezi hili linauma kuliko lile la kisigino, najua. Lakini mchezaji asiyelifanya hurudi uwanjani na kumbukumbu za miaka ile, na kumbukumbu ndizo zinazomrusha juu pale mguu usipotaka.

Kobe na Dominique

Aprili 10, 2013, Kobe Bryant alicheza dakika zote 48 dhidi ya Portland akafunga pointi 47. Alikuwa na miaka 34. Siku mbili baadaye, dhidi ya Golden State, kano ya kisigino cha kushoto ilichanika. Alitembea hadi mstarini, akaingiza mitupo huru miwili, akatoka. Watu husimulia ile mitupo miwili kana kwamba ndiyo somo. Mimi nasema somo liko kwenye zile dakika 48.

Alirudi Desemba 8 mwaka huohuo, akacheza michezo sita, na mfupa wa goti la mguu uleule ukapasuka. Msimu uliofuata alikuwa akirusha mpira mara ishirini hivi kwa mchezo, na mingi ikikosa: asilimia 37.3 ndiyo iliyoingia, kabla bega kumtoa Januari 2015. Msimu wa mwisho ulishuka hadi asilimia 35.8. Ndiyo, usiku wake wa kuaga, Aprili 13, 2016, alifunga 60. Alirusha mara 50 ili kuzipata, na timu nzima ilikuwa imekubali iwe hivyo. Usitegemee timu yako ikufanyie hivyo kila Jumamosi.

Kinachonishangaza kwa Kobe ni kwamba ujuzi wote unaoshauriwa kwa mzee aliyeumia alikuwa nao tayari. Miguu yenye hesabu, kugeuka na kurusha akirudi nyuma, kumdanganya mlinzi aruke kwanza: hakuna aliyemzidi. Asichopunguza ni kiasi. Alitaka mipira ileile na wajibu uleule. Kwa hiyo usidhani kujifunza mbinu mpya kunatosha ikiwa bado unataka kuwa wa kwanza kwenye kila shambulizi.

Weka kando yake Dominique Wilkins wa Atlanta Hawks. Huyu alijulikana dunia nzima kwa kudanki. Januari 1992, akiwa na miaka 32, kano yake ya kisigino ilichanika, na kwa mtu wa danki wengi walishafunga jalada. Msimu wa 1992–93 alirudi, akacheza michezo 71, akafunga wastani wa pointi 29.9. Aliendelea kudanki, lakini alirusha kutoka mbali mara nyingi zaidi kuliko zamani, na mitupo yake ya pointi tatu ilipanda kutoka asilimia 29 hivi ya msimu wa kuumia hadi asilimia 38. Sikudanganyi kwamba kila mtu anaweza hayo. Wilkins ni wa pekee, na wengi walioumia kano ile hawakurudi kuwa vile. Lakini angalia alichokiongeza. Alipopunguza safari za kupaa aliweka kitu kingine mahali pake, na kitu hicho kilikuwa tayari siku ya kwanza aliporudi.

Mtupo, na mahali pa kusimama

Habari njema ni kwamba mtupo unaweza kuufanyia kazi ungali mgonjwa. Mguu ukiwa bado kwenye plasta, omba ruhusa ya mtaalamu wako, weka kiti mita mbili au tatu kutoka kwenye ringi, kaa, rusha kwa mkono mmoja. Kiti kinakunyang'anya miguu, kwa hiyo kiwiko kilichopinda na vidole vinavyochelewa vinajifichua. Vijana hawapendi zoezi hili. Wewe huna haraka.

Ukianza kusimama, anzia karibu na usogee nyuma wiki kwa wiki, siyo siku kwa siku. Mtupo wa mbali huanzia mguuni: miguu dhaifu humlazimisha mtu kusukuma kwa bega, na bega la miaka 38 nalo lina malalamiko yake. Kuna ishara moja usiidharau. Mpira unaogonga mbele ya ringi unasema miguu imechoka. Mpe mtu daftari aandike mipira inayokosa: mfupi, mrefu, kushoto, kulia. Mifupi ikianza kuongezeka, zoezi la siku hiyo limekwisha, hata kama ulipanga kurusha mia mbili.

Jason Kidd ndiye mfano wa subira. Alipoingia NBA msimu wa 1994–95 pointi tatu zake ziliingia kwa asilimia 27, na wapinzani walimwacha makusudi arushe. Mwaka 2004 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa goti la kushoto. Kasi ilipungua mwaka hadi mwaka, mtupo ukapanda: msimu wa 2009–10, akikaribia miaka 37, aliingiza asilimia 42.5. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa na Dallas akiwa na miaka 38, akiwa mchezeshaji anayepitisha mpira haraka na kuadhibu kila anayemsahau. Alistaafu 2013 na pointi tatu 1,988. Mtu aliyekuwa akiachwa arushe!

Na Vince Carter? Yule aliyeruka juu ya Mfaransa wa mita mbili na ushee kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka 2002, na bado alicheza misimu 22, hadi 2020 akiwa na miaka 43. Miaka hiyo ya mwisho utamkuta kwenye kona ya uwanja, magoti yamekunjwa kidogo, mikono tayari. Aprili 26, 2014, akiwa na miaka 37, alirusha kutoka kona hiyo kengele ikilia na Dallas ikaifunga San Antonio.

Kona inapendwa na wazee kwa sababu, lakini sababu ya NBA siyo yetu moja kwa moja. Kule mstari wa pointi tatu uko mita 7.24 kwa katikati na 6.71 kwenye kona, unaokoa zaidi ya nusu mita. Kwa sheria za FIBA, tunazochezea sisi, ni 6.75 na 6.60: sentimita kumi na tano tu. Faida yako kwenye kona haiko katika umbali. Iko katika kutokimbia ovyo: unakwenda mstari mnyoofu hadi kona, unasimama, na mlinzi wako anabaki na uamuzi mgumu wa kukuacha akazuie ndani au kukulinda asimsaidie mwenzake. Unamchosha bila kutoka jasho. Hasara yake ndiyo hii: ukiwa kona uko mbali na goli lenu kuliko mtu yeyote, na mpira ukipotea utakuwa wa mwisho kurudi. Kubaliana na mchezeshaji wako kwamba wewe ukiwa kona, yeye ndiye anayebaki nyuma. Makocha wengi husahau kulipanga hili, kisha wanamlaumu mzee kwa kuchelewa.

Miguu iwe tayari kabla mpira haujafika. Ukipokea kwa kuruka kidogo na kutua kwa yote miwili, uzito unagawanyika. Ukipokea kwa kukanyaga mmoja kisha wa pili, ule wa kwanza unabeba breki yote. Chagua kulingana na mguu ulioumia, ufanye hivyo kila mara mpaka uzoee. Na usiruke juu kwenye mtupo. Mrefu ataachia juu ya mkono wa mlinzi. Mfupi ataishi kwa wepesi wa kuachia, na wepesi huo hutoka katika kupokea mpira ukiwa umeshajikunja.

Lakini si lazima kila aliyeumia awe mtupaji wa mbali, na hapa sikubaliani na makocha wanaompeleka kila mzee kwenye mstari wa pointi tatu. Shaun Livingston aliumia goti la kushoto Februari 26, 2007, vibaya kiasi kwamba hospitalini ilizungumzwa habari ya kuukata mguu. Alikuwa na miaka 21. Alizunguka timu nyingi kabla ya kutulia Golden State, timu iliyojaa watupaji wa mbali kuliko yoyote, na yeye karibu hakurusha pointi tatu kabisa. Kwa kimo cha mita 2.01 alikuwa mrefu kuliko mabeki wengi waliomlinda, basi aliwapa mgongo mita nne au tano kutoka kwenye ringi, akageuka, akarusha juu ya vichwa vyao. Katika misimu yake mitano pale, nusu ya mitupo yake au zaidi iliingia. Alipata ubingwa 2015, 2017 na 2018. Kama una urefu kuliko unaocheza nao, au kiuno kizito kuliko chao, kwako kuna kazi katikati ya uwanja ambayo vijana wa siku hizi hawajui hata kuizuia.

Kazi hiyo inataka miguu iliyofundishwa. Bernard King alichanika kano ya goti la kulia Machi 1985, wakati ambao jeraha hilo kwa mfungaji lilihesabiwa kuwa mwisho. Alikosa msimu mzima uliofuata na karibu wote wa baada yake. Msimu wa 1990–91, akiwa Washington na miaka 34, alifunga wastani wa pointi 28.4 na kurudi kwenye mchezo wa nyota. Silaha yake ilikuwa kupokea mpira mahali anapopajua, kugeuka upesi, kuachia kabla mlinzi hajajipanga. Jizoeze hivi: pokea ukiwa umempa mlinzi mgongo, tua kwa miguu miwili ili uweze kuchagua mguu wa kugeukia, mwonyeshe mpira juu, subiri aruke, kisha rusha anaposhuka. Subira hiyo ndiyo ngumu. Wengi wanamdanganya mlinzi na kuruka pamoja naye. Na ukiwa pembeni ya ubao, utumie. Tim Duncan alijenga nusu ya maisha yake juu ya mpira uliogonga ubao kwa pembe, mtupo usiohitaji kuruka.

Ulinzini

Hapa nitakuwa mfupi, maana jambo ni moja: kaa nyuma nusu hatua kuliko ulivyozoea, umwelekeze mtu wako kule kuliko na msaada, na uongee. Sauti haizeeki. Mwaka 2010, Portland ilipoifunga Phoenix mchezo wa kwanza wa mchujo huku Andre Miller akipachika 31, Hill, mwenye miaka 37, ndiye aliyekabidhiwa Miller. Phoenix ilishinda mfululizo ule 4–2. Miller hakuwa na mbio nyingi; alikuwa mjanja wa mwili na hatua, na Hill alikuwa na urefu na akili ya kumkaba. Omba kupewa mpinzani anayekufaa namna hiyo. Kijana wa miaka ishirini anayekimbia kama mwizi mwachie kijana mwenzake. Na ile tabia ya kusimama mbele ya mtu anayeingia kwa kasi ili akuangushe na apate faulo, iache kabisa. Pointi mbili hazilingani na goti lililoshonwa.

Dakika

Machi 25, 2012, San Antonio walimpumzisha Tim Duncan, na kwenye karatasi rasmi ya mchezo, mahali pa kuandika sababu ya mchezaji kutocheza, pakaandikwa kwamba ni mzee. Ulikuwa utani wa kocha wao, Gregg Popovich, lakini chini yake kulikuwa na sera. Novemba mwaka huo aliwarudisha nyumbani nyota wake, Duncan akiwemo, kabla ya mchezo wa Miami, na ligi ikaipiga klabu faini ya dola 250,000. Popovich hakubadilika. Msimu wa 2013–14 hakuna mchezaji hata mmoja wa San Antonio aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mchezo, na Juni walikuwa mabingwa. Duncan alikuwa na miaka 38, goti la kushoto ndani ya kishikilia, mwili umepunguzwa makusudi ili magoti yabebe kidogo.

Wewe huna Popovich. Kuwa Popovich wako mwenyewe. Baada ya siku ya kuruka na kukimbia kwa nguvu, acha siku mbili kabla ya nyingine ya namna hiyo; kano hujijenga polepole kuliko msuli, na msuli ndio unaokudanganya kwamba uko tayari. Kama ligi yenu inacheza Jumamosi na Jumapili, chagua mmoja ucheze sana na mwingine ucheze kidogo. Kuruka kwingi mazoezini juu ya saruji kufute: mbio zifanyie kwenye nyasi au udongo, miruko yako iwe ya siku ya mchezo. Nguvu usiiache. Mara mbili kwa wiki, kisigino juu na chini taratibu ukiwa umebeba uzito, na kuchuchumaa kwa uzito unaoumudu. Wengi hufanya haya mpaka wapone kisha wanayaacha, na baada ya muda wanarudi kwa mtaalamu yuleyule na mguu uleule.

Kipimo cha kila siku ni asubuhi. Hatua za kwanza kutoka kitandani zinasemaje kisigino? Ngazi zinasemaje goti? Maumivu madogo wakati wa mchezo, yaliyotulia kufikia kesho yake, unaweza kuishi nayo. Yaliyozidi kesho yake yanakwambia jana ulipita kiasi, basi punguza. Goti lililovimba halijadiliwi: pumzika, na uvimbe usipoondoka nenda hospitali.

Kuhusu kuanza au kutokea benchi, ushauri wa kawaida ni kwamba mzee atokee benchi. Kuna wakati ni kosa. Goti lenye miaka mingi likipashwa moto kisha likakaa dakika kumi na tano kwenye benchi la ubao, linaganda. Baadhi ya wazee hucheza vizuri wakianza, wakakaa dakika chache, wakamaliza kazi yao mapema. Ukilazimika kutokea benchi, usikae: simama nyuma ya viti, tembea, inua visigino, vaa suruali ya mazoezi mpaka utakapoitwa. Carter aliifanya kazi ya benchi Dallas, wala haikumvunjia heshima mtu aliyewahi kuwa jina kubwa kuliko timu.

Mchezo wako wa kwanza, kubaliana na kocha kabla ya kuvaa viatu: vipindi vya dakika nne au tano, na mtu mmoja kwenye benchi, siyo wewe, ndiye atakayeshika saa. Mpira wako wa kwanza upitishe, hata kama uko wazi, ili usikie mwendo wa mchezo kabla ya kuuingilia. Wa pili rusha ukiwa umesimama. Usiingie kwenye msongamano chini ya ringi kugombea ribaundi kwa kuruka. Mzuie mtu wako kwa mgongo, mwenzako auokote. Kuna kijana atakuzunguka mara moja na jukwaa litacheka. Mwache apite kuelekea kwa senta wenu, kama mlivyopanga. Na mwenye saa akikuita, toka, hata kama umetoka kuingiza tatu mfululizo.